Chumvi Uliyonificha

Mwalimu,

Sikuulizi habari za huko. Hata ungekuwa na njia ya kunijibu, sina hamu ya kusikia kwamba umepumzika. Hapa Butembo kila mtu anasema hivyo hivyo, tangu padri hadi muuza sabuni. Mimi Kavira, mwanafunzi wako, ndiye niliyekuchomoa sindano mkononi, na sasa nimejua kwamba hukwenda peke yako.

Nimekaa kwenye kiti chako, darasani. Watoto wameshakwenda nyumbani, mvua imekatika. Nitakueleza mambo kwa mpangilio, jinsi ulivyotufundisha kuandika ripoti ya jaribio: tulikuwa na nini, tulifanya nini, tuliona nini. Ulikuwa ukichana ripoti ya mtu aliyeanza na matokeo. Basi nitajizuia nisianze na matokeo.

Vita bado ipo. Wale waasi waliokuwa wakitutawala ulipokufa wamegombana wenyewe kwa wenyewe, na siku hizi ukitoka hapa kwenda Beni unaonyesha karatasi zako kwa makundi matatu yanayochukiana. Shuleni walilala askari wiki mbili. Meza za maabara walizipasua wakapikia maharagwe. Mmoja alionja ile chupa yako ya maji ya bluu akidhani ni pombe ya wazungu, akatapika kutwa nzima, wenzake wanampigia makofi. Ungecheka, nakujua. Mimi nilicheka kwa niaba yako, kisha nikainama kuokota vipande vya mirija ya kioo. Iliyobaki mizima ni miwili.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponiita mbele? Ulikuwa na kipande cha ganda la mti wa kinkina, yale maganda wanayoanika uani kwenye barabara ya Musienene. Sisi tuliyajua kama mzigo wa kuuza, basi. Ulilichemsha, ukachuja maji yake, ukatia tone la asidi ya betri. Halafu ukatuingiza wawili wawili chini ya kitambaa cheusi pamoja na taa yako ndogo ya zambarau, ile uliyoipata mpakani Kasindi kwa wabadilishaji fedha wanaopimia dola. Mle chini ya kitambaa maji yakawaka bluu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile. Nikasahau kutoka, ukanivuta sikio mbele ya darasa zima.

"Rangi haiwakake yenyewe, Kavira," ulisema. "Inawakaka na majirani yake."

Ukatuonyesha. Kwinini ile ile, inayotoka kwenye lile ganda, ndani ya asidi inawaka sana. Ndani ya maji matupu inafifia. Ukiijaza mno kwenye mrija mmoja, chembe zake zinamezeana mwanga, na mrija uliojaa unakuwa hafifu kuliko wenye tone moja. Siku nyingine ulikuja na gazeti la sayansi la Kifaransa lililochanika jalada, ukatusomea habari za watu wa Ulaya wanaotengeneza vipunje vya kioo vidogo mno. Kijidudu cha malaria mbele ya kipunje hicho ni tembo. Ndani ya kila kipunje wanafungia rangi inayowaka. Rangi ikiwa nje, kila jirani anaigusa: huyu anaipandisha, huyu anaichosha, huyu anaizima kabisa. Ikiwa ndani ya kioo, majirani wanabaki ng'ambo ya ukuta. Hata hivyo, ulisema, kioo chenyewe ni jirani. Kikiwa na vitundu, maji yanapenya, na rangi zikibanana mno humo ndani, zinazimana zenyewe kwa zenyewe.

Ulisema siku moja kila ampula ya kwinini, kile kichupa cha dawa ya sindano, itatiwa vipunje kama hivyo huko huko kiwandani, na mwizi atashindwa kuiga mwanga wake. Vita ikiisha ungewaandikia watu wale. Ulikuwa umesimama pale pembeni mwa ubao, chaki imekujaa kwenye ndevu, na nilikuamini kuliko nilivyomwamini baba yangu. Nikanyosha mkono nikauliza ni jirani gani anayeizima kwinini kabisa.

"Ile ni ya mwaka kesho," ulisema.

Mwaka uliofuata ulileta dawa za uongo. Barabara zilifungwa, mizigo ikaanza kupitia mikono ya kila mwenye bunduki, na ampula zikajaa maji, sukari, chochote. Watu wakaanza kuja uani kwako kila Jumamosi na dawa zao wamezifunga kwenye kona ya kitenge. Tuliingia chini ya kitambaa cheusi, wewe, mimi na mwenye dawa, tunapumuliana usoni, tunasubiri bluu. Ikiwaka, mtu analia kwa furaha. Isipowaka, analia pia. Wengine walikuwa wameshaionja na kutuapia kwamba ni chungu kweli kweli. Uliwacheka, maana walaghai walijua kutia majani machungu.

"Ulimi inadanganyikaka," ulikuwa ukisema. "Mais taa, hapana."

Hayo maneno niliyashika vizuri kuliko sala zangu. Na usidhani nakushukuru kwa hayo. Acha nikukumbushe ulivyokuwa. Kuna mama mmoja alikuja na ampula tatu, mtoto wake mgongoni anachemka. Zote tatu hazikuwaka. Ulizivunja moja moja mbele yake, ukamwaga vumbini, ukamwambia amenunua maji ya kisima na angeweza kuyapata bure. Ulicheka. Nami nikacheka, maana nilitaka kufanana na wewe. Yule mama alitutazama wote wawili, akamkaza mtoto wake kwenye kitenge, akaondoka. Sikuwahi kujua mtoto alipona au la. Wewe hukuuliza.

Sasa nafika kwenye jaribio.

Ulikwenda Beni kusahihisha mitihani ukarudi na homa. Sisi wa huku juu kwenye baridi tunajua homa ya Beni inavyotuonea. Wao wa chini wanaugua wanaamka, sisi inatubeba. Siku ya tatu ukaanza kuongea na baba yako aliyekufa zamani. Mama Furaha, mke wako, akakupeleka kwenye zahanati ya mtaa, na muuguzi Masika akaagiza kwinini kwa Kakule, kijana mwenye duka dogo la dawa karibu na soko. Ampula za Kakule tulikuwa hatujazipima, zilikuwa zimefika juzi yake. Masika akavunja ampula, akamimina yote ndani ya seramu, yale maji ya dripu, akakutundikia. Seramu ya sukari ilikuwa imekwisha mjini. Alitumia ya chumvi.

Nilifika mchana kutoka shuleni. Ulikuwa umezidi. Macho wazi, meno yamekazana. Mama Furaha akanishika mikono yote miwili akasema, "Kavira, weye njo uko na taa. Pima." Nikachota seramu kidogo kutoka kwenye mpira, nikajaza nusu mrija, nikatia matone mawili ya asidi, nikajifunika kitambaa. Giza. Nikatingisha. Giza. Nikaweka tone kwenye ulimi, likawa chungu mpaka masikioni, nikatema. Niliyakumbuka maneno yako, Mwalimu. Nilikusikia kabisa ukiyasema.

Nikatoka chini ya kitambaa nikatangaza kwamba ni ya uongo. Masika akasema, "Tungoje kidogo, mutoto. Uko sure?" Ni mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, na mimi nilimjibu kwa sauti yako, ile ya kwenye ubao, kwamba yeye anajua sindano na mimi najua mwanga. Nikachomoa mwenyewe. Damu yako ikanidondokea kwenye kiatu.

Nilipopita dukani kwa Kakule nikitafuta usafiri wa kwenda Musienene kuleta kwinini ya kweli, habari ilikuwa imeshanitangulia. Watu walikuwa wameanza kujikusanya. Yeye alisimama mlangoni na ampula kiganjani, ananinyoshea, anapiga kelele, "Kavira, kuya upime na hizi! Zote zilitoka mu carton moja!" Taa ilikuwa mfukoni mwangu. Asidi ilikuwa mfukoni mwangu. Ingenichukua muda wa kufunga kiatu. Nilimtemea mate, Mwalimu, nikapita. Ndivyo nilivyofanya, na sina namna ya kuliandika likawa zuri.

Musienene nilipata kwinini na seramu ya sukari kwenye zahanati moja huko. Niliipima palepale, ikawaka. Nilirudi nimepanda juu ya magunia ya viazi, nimeikumbatia, naona fahari. Nilikuta wamekufunika.

Kakule duka lake lilivunjwa jioni ile ile, kabla jua halijazama. Waliovunja ni majirani, Wakatoliki wa misa na Waprotestanti wa hekalu pamoja, siku hiyo hawakubaguana. Askari wakamtoa mikononi mwao, wakampakia kwenye gari na katoni yake ya ampula kama ushahidi, wakampeleka kwenye kambi ya Beni. Nilisimama hapo. Mtu mmoja alinipa nafasi mbele ili nione vizuri.

Kuanzia siku ya mazishi nikawa wewe. Walinipa kiti hiki nilichokalia. Walinipa Jumamosi zako. Walikuwa wakiniita mademoiselle wa taa, na wenye maduka walinisalimia wakiwa wamevua kofia. Na kila siku ya soko mke wa Kakule, Katungu, alishuka kutoka kwao Masereka alikokimbilia na watoto, akaacha kikapu cha viazi mlangoni kwa Mama Furaha. Hakubisha hodi. Aliacha tu na kuondoka. Siku moja tulikutana uso kwa uso, akapiga goti kwenye matope, akaniomba msamaha kwa kosa la mume wake. Nilimwambia ainuke. Nilimwambia, kwa upole mkubwa, kwamba Mungu anasamehe.

Tulipomaliza kilio, Mama Furaha akanipa madaftari yako. Alisema hayana mtu mwingine. Nilisoma taratibu, kurasa chache kila siku baada ya masomo, nikitabasamu kwa mwandiko wako. Katika daftari la kijani nikakuta majedwali ya majirani wa kwinini: asidi, maji, pombe, mafuta. Chini kabisa, chumvi. Umepiga mistari miwili. Umeandika kwamba chumvi ya jikoni inazima karibu mwanga wote, hata asidi ikiwemo, na dawa inabaki nzima kama ilivyokuwa. Na kando, kwa kalamu nyingine: "Kavira asijue kwanza."

Nilisoma mpaka herufi zikawa hazina maana.

Najua kwa nini. Yule mwanafunzi wako wa kwanza ulimfundisha yote, akaenda kufungua meza yake ya kupimia Kasindi na kukusahau. Kwa hiyo ukaamua kwamba anayekufuata atapewa mwanga wote isipokuwa kipande kimoja, ili aendelee kurudi kuuliza. Fundi mwashi wa hapa anafanya hivyo. Mshona viatu anafanya hivyo. Hata mama zetu wanafanya hivyo na chakula chao cha sikukuu. Lakini wewe ulikuwa mwalimu! Ulilipwa na wazazi wetu kwa maharagwe na kuni ili usifiche. Na ulichokificha hakikuwa siri ya duka. Kilikuwa mkononi mwako mwenyewe siku ile, kinashuka tone kwa tone, nami nimesimama hapo na taa, mjinga uliyenitengeneza wewe.

Nikafanya jaribio. Kwinini niliyobakiza kutoka Musienene, maji, asidi, kitambaa. Ikawaka bluu ile ile ya siku ya kwanza. Nikatia chumvi ya kupikia, kiasi cha kutosha sufuria ndogo ya majani ya sombe. Ikazimika machoni pangu. Nikarudia na seramu ya chumvi niliyoomba kwa Masika. Ikazimika. Nikamimina tone la hiyo hiyo iliyozimika kwenye maji mengi yenye asidi, chumvi ikawa mbali mbali, na mwanga ukarudi. Ilikuwepo muda wote. Kwinini ya Kakule ilikuwemo mwilini mwako ikianza kazi yake, na mimi nikaichomoa.

Masika nilipomwambia akasema labda ungekufa tu, ulikuwa umechelewa. Ni mwema. Nilimchukia kwa wema huo. Nilitaka anipige kofi.

Sasa sikiliza hili, maana hapa huna lawama, hapa ni mimi peke yangu. Nilijua, na nikanyamaza mwezi mzima. Mwezi mzima, Mwalimu! Nilijiambia barabara ya Beni ni mbaya. Nilijiambia nasubiri yale makundi yatulie. Jumamosi nilipima dawa za watu na kupokea shukrani zao, na siku ya soko niliviona viazi mlangoni nikageuza uso. Nilikuwa napenda kuvuliwa kofia. Ukitaka kujua kilichonishika mwezi mzima, ni hicho.

Halafu nikaenda. Nilipanda lori la mbao, nikafika Beni mchana, jasho, mbu, muziki wa Kinshasa kwenye kila kibanda. Kambini nikamkuta mlinzi mmoja kijana, mcheshi, ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Nikamtaja Kakule wa Butembo, yule wa dawa.

"Ah, ule! Alikufaka," akasema. "Ni homa. Iko wiki mbili."

Akaendelea kunyoa, akanieleza bila kuulizwa. "Alikuwa analialia: munipatie dawa yangu, ile iko mu carton. Tukamwambia, papa, dawa ya uongo itakusaidia nini? Si mademoiselle wa taa wa Butembo njo alisema?" Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema hata walimwonea huruma, walimwekea maji. Na mke wake, akasema, bado anatuma chakula kwa madereva kila wiki. "Anapikaka muzuri, vraiment. Tunangojaka siku yake."

Wiki mbili. Ningekwenda siku ile niliyosoma daftari ningemkuta anatembea.

Nikaomba kuiona ile katoni. Ilikuwa juu ya rafu ofisini, karibu kamili. Nikavunja ampula moja, tone moja kwenye kijiko cha maji na asidi, nikajifunika kitenge changu juu ya kichwa. Ikawaka, Mwalimu. Sijawahi kuona kwinini ikiwaka vile. Mlinzi akaingiza kichwa chake chini ya kitenge, shavu moja bado lina povu la sabuni, akapiga mluzi. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akatazama, akasema kumbe ni dawa nzuri, akabeba katoni nzima akaenda nayo kwake. Nilimwomba aniandikie karatasi kwamba Kakule hakuwa na kosa. Akaniuliza Kakule ni nani.

Kaburi walinionyesha kwa kidole. Ni nyuma ya choo cha kambi, kwenye migomba. Hakuna msalaba. Nilipiga magoti, sikupata sala yoyote, nikabaki naondoa majani makavu.

Niliporudi nilianza na Mama Furaha, kwa heshima. Nilimweleza yote, na daftari nikalifungua mbele yake. Alisoma ule mstari wa pembeni mara mbili, anafuata kwa kidole. Nilidhani atalia. Akalifunga, akaliweka chini ya kalio lake, akasema, "Unyamaze, Kavira. Mulishaniulia bwana. Sasa munataka kuua na jina yake?" Akasema nikisema hadharani nisikanyage tena uani kwake, na mtoto wenu Furaha asinisalimie. Huyo ndiye mama aliyenipa nguo zake mwenyewe nilipofiwa na wangu. Nililia pale kwake kama mtoto. Hakunigusa. Alikaa juu ya daftari akitazama ukuta mpaka nilipotoka.

Sikunyamaza. Juzi nilipanda Masereka. Katungu alikuwa shambani anachimba viazi, na pembeni, juu ya jiwe, ameshafunga bakuli la chakula kwenye kitambaa, anangoja dereva wa kushuka. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilianza na kwamba mume wake amekufa, kisha kwamba dawa yake ilikuwa nzuri, kisha kwamba mimi ndiye. Nilimwambia na habari ya mwezi mzima. Sikumficha hata yale mate.

Hakupiga kelele. Alishika jembe kama mtu aliyeulizwa njia. Akaniuliza alikufa lini, nikamwambia. Akatazama lile bakuli.

"Donc nilikuwa ninapikia nani?" akasema.

Alikaa kwenye udongo, nikakaa mbali kidogo, kwa sababu sikustahili kukaa karibu, na tukakaa hivyo mpaka dereva akaja, akapiga honi, akachoka, akaondoka. Nilidhani ataniua kwa lile jembe. Kusema kweli nilikuwa nimeshakubali. Aliponyanyuka aliniomba kitu kimoja tu. Watoto wake wawili wanasoma shule ya msingi ya pale juu, na wenzao wanawaita batoto ba sumu. Hawachezi nao, hawakai nao benchi moja. Mkubwa ameacha kula shuleni kwa sababu wakimwona anakula wanajifanya kutapika. Akasema mimi sitamrudishia bwana, na maneno ya msamaha nibaki nayo mwenyewe. Lakini watoto niwaambie. Niwaambie mbele ya wenzao wote, kwa hiyo taa yangu, waone kwa macho yao.

Basi, Mwalimu, ripoti imeisha. Sijakusamehe. Nimejaribu, hasa nikikumbuka chaki kwenye ndevu zako, lakini nikifika kwenye ule mstari wa pembeni moyo unarudi kuwa jiwe. Wala wewe usinisamehe mimi. Tukae hivyo hivyo, wewe huko na mimi huku, kila mtu na mtu wake aliyemuua. Nilikupenda. Hilo nalo liandike kwenye jedwali lako, sijui linaangukia safu gani.

Kwaheri. Sitakuja kaburini, maana Mama Furaha anakwenda huko kila Jumapili na sitaki kumsumbua. Ila nakuahidi hivi. Jumatatu nitapanda Masereka na mirija yangu miwili. Mkuu wa shule amekubali kukusanya madarasa yote. Nitawafundisha watoto wale kila jirani wa kwinini, anayeiwasha na anayeizima, sitabakiza hata mmoja wa mwaka kesho. Kisha nitawaambia nani alikosea, nitataja jina langu kwanza, halafu lako. Watoto wa Kakule watakaa benchi la mbele.

Kavira